Bomba Si Kizibo

Mwezi uliopita mjukuu wangu Chacha alifika hapa Morotonga akitokea Tarime. Aliniamkia shikamoo, akakaa, akanywa uji, na baada ya habari za ng'ombe na za mvua akanieleza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba ile zahanati ya zamani ya misheni imebomolewa. Wanajenga mpya, alisema, kubwa, kila chumba marumaru mpaka juu. Nikamwuliza ule ukuta wa vigae vyeupe wa chumba cha kufungia vidonda wameufanya nini. Akajibu kwamba wameuvunja, na kifusi wamejazia mashimo ya barabara. Aliponiona nimenyamaza akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti kubwa, maana siku hizi wote wameamua kwamba mimi ni kiziwi. Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Nimezika mume, nimezika ndugu, na sijazoea kulilia majengo. Lakini ukuta ule ulikuwa na matundu sita ya mviringo yaliyopitisha mabomba ya maji, na matundu hayo niliyakata mimi, nyumbani kwangu, kwa mikono hii, katikati ya miaka ya hamsini, kabla mtu yeyote wa upande wetu hajaiona mashine ya kukatia vigae. Chacha alikuwa hajui. Baba yake alikuwa anajua nusu tu. Sasa ukuta haupo, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeolewa mwaka mmoja, na mume wangu Mwita alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Aliniacha na nyumba mpya ya udongo iliyokuwa bado inanuka samadi mbichi ukutani, baiskeli yake iliyotundikwa juu ili mchwa wasiifikie, na wazazi wake ng'ambo ya zizi. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, asiyeweza kukaa kimya hata akiwa peke yake. Baba mkwe alikuwa fundi mwashi wa misheni. Jina lake sitaliandika, maana kwetu mke hamtaji baba wa mumewe, na sitaanza utovu wa adabu uzeeni. Mimi na yeye tuliishi boma moja bila kutazamana usoni. Yeye hakuruhusiwa kuingia nyumbani kwangu, hata mvua inyeshe ya mawe. Mimi sikumpa kitu mkono kwa mkono, wala sikusema naye. Chakula chake nilikipika mimi, ugali wa ulezi na maziwa ya mgando na dagaa wa ziwani siku za bahati, lakini kilipelekwa na mama mkwe. Wajukuu zangu wakisikia haya wanacheka na kuniuliza tuliwezaje. Tuliweza. Heshima ile ilikuwa kazi kama kazi nyingine, na mtu aliyeijua vizuri hakuona uzito wake kila siku.

Kwa kuwa sikuweza kuzungumza naye, nilimjua kwa masikio. Nilijua kikohozi chake cha asubuhi na kikohozi chake cha hasira. Jioni, nikiwa nasonga ugali, sauti yake ilivuka zizi na kunifikia jikoni, na ndivyo nilivyojua habari za zahanati tofali kwa tofali. Alikuwa fundi wa kweli. Matao ya matofali aliyoyajenga kwenye ghala la kahawa watu walitoka mbali kuja kuyatazama. Jioni moja, hata hivyo, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya chini, na maneno machache. Vigae vyeupe vilikuwa vimefika kutoka Ulaya ndani ya masanduku yenye nyasi kavu, na ukuta wa chumba cha kufungia vidonda ulitakiwa uwe na mabeseni matatu, kila beseni mabomba mawili. Yaani matundu sita katika vigae sita. Sanduku la akiba lilikuwa na vigae kumi na vinne. Kwa siku mbili alikuwa amejaribu kwa tindo na nyundo ndogo, akigonga taratibu kadiri alivyoweza, na vinane vilikuwa vimepasuka. Vilibaki sita. Msimamizi wa misheni, Mzungu mmoja mrefu mwenye haraka, alikuwa amemwambia kwamba kikipasuka kingine ataandika barua Kisumu aletwe fundi mwingine, na huyo fundi atamalizia jengo lote. Nilisikia kijiko cha mama mkwe kikikwangua bakuli, basi.

Sikulala njaa, wala sikulia, lakini jambo lile lilinikera. Lilinikera kwa sababu nilikuwa naijua dawa yake, au nilidhani naijua. Nilipokuwa msichana nilikwenda na wanawake wengine kuponda mawe kwenye machimbo ya dhahabu. Tulisaga jiwe jeupe mpaka likawa unga, wanaume wakauosha unga huo kutafuta chembe zao. Kitu nilichokiona kule, ambacho wanaume hawakukiona kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye dhahabu, ni kwamba unga ule wa jiwe jeupe ulikula kila kitu. Ulikula jiwe la kusagia. Ulikula vidole vyetu. Nyumbani kwa mama yangu nilikuwa nimeutumia kutobolea vyungu vilivyopata ufa, ili tuvishone kwa kano vibaki vya kuwekea nafaka. Unatia unga, unatia maji, unazungusha mti uliochongwa, na chungu kinatoboka bila kupasuka. Kigae cha Ulaya ni nini, kama si chungu kilichovaa nguo nyeupe?

Nilihitaji kitu cha mviringo, kilicho wazi katikati, cha chuma. Nikatazama juu nikaiona baiskeli ya Mwita. Sitajitetea. Niliishusha pampu, nikaazima tupa katika mfuko wa zana wa baba mkwe kwa mkono wa mama mkwe, na nikaikata pampu ile nikapata kipande cha urefu wa kidole. Mdomo wake nikauchonga meno madogo madogo. Mama mkwe alisimama mlangoni akanitazama na kusema kwamba Mwita akirudi atanirudisha kwetu. Nikamwambia akirudi atakuta baba yake bado ni fundi. Akafikiri kidogo, akaingia, akakaa chini, na akaniuliza anishikie wapi.

Kazi yenyewe tuliifanya karibu na mlango wa nyumba yangu, kwenye mwanga, baada ya kukamua na kabla ya kwenda shambani. Kwanza tulitandika udongo laini wa mfinyanzi juu ya ubao na kukilaza kigae humo, ili kisiguse kitu kigumu popote. Kipande cha pampu nilikichomeka kwenye mti ulionyooka, na juu ya mti nikaweka kibao chenye shimo lililopakwa samli, cha kukandamizia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika upinde mdogo wenye ukanda wa ngozi uliouzunguka mti ule mara moja. Ukiuvuta upinde mti unazunguka huku, ukiusukuma unazunguka kule. Ili pampu isiteleze juu ya ule ung'avu mweupe, tulibana juu ya kigae ubao wenye tundu la kuiongoza mpaka ilipojichimbia njia. Mama mkwe alitia unga na maji kwa kijiko, unga na maji, na kusimulia habari za watu waliokufa zamani. Sauti ilikuwa mbaya mno, mbuzi walikimbia. Tulifanyia mazoezi vipande vya vigae vilivyovunjika, ambavyo baba mkwe alikuwa amevirudisha nyumbani kwa aibu ili visionekane kazini. Kipande cha kwanza kilipasuka kwa sababu nilikandamiza. Cha pili kilipasuka mwishoni, pale palipobaki pembamba. Cha tatu nilikiendea taratibu, na karibu na mwisho nikaondoa mkono wa kushoto kabisa nikaacha mti ujizungukie kwa uzito wake. Nikasikia mlio umebadilika. Nilipoinua, kiduara cheupe kilibaki ndani ya pampu, na kwenye kigae palikuwa na tundu la mviringo ambalo hata leo nikilikumbuka nanyoosha mgongo.

Mama mkwe alikichukua kipande kile na jioni akakiweka kando ya kigoda cha mumewe, pamoja na chakula. Hakusema kitu, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko yangu. Nilichungulia kupitia ufa wa mlango. Baba mkwe alikula kwanza, ugali wote. Kisha akakiokota, akakigeuza, akapitisha kidole, akakipeleka kwenye mwanga wa jua lililokuwa linashuka, akapitisha kidole tena. Hakuuliza nani, na hakuuliza namna gani. Asubuhi nilipotoka kwenda kukamua nilikuta chini ya ghala la ulezi kigae kizima, kimepigwa alama ya mkaa mahali pa tundu, na juu yake pete ya chuma iliyokatwa kutoka kwenye bomba lenyewe, ili iwe kipimo.

Sasa nieleze kosa langu, maana sijawahi kulieleza sawasawa. Kwetu sisi wanawake, kazi ya tundu na kitu kinachoingia ndani ya tundu ilikuwa moja tu, nayo ni kibuyu cha maziwa na kizibo chake. Kizibo kikicheza, maziwa yanaharibika na jina lako pamoja nayo. Msichana alisifiwa kwa kizibo kinachohitaji kusukumwa kwa kiganja na kutoa mlio kikitoka. Basi nilipolikata tundu lile na kulipanua kwa mti wenye unga, nililipanua mpaka pete ya chuma ikaingia kwa kusukumwa. Nikaitoa, nikairudisha, nikamsikilizisha mama mkwe ule mlio. Akapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bomba likiingizwa ukutani. Kama ningekuwa mwanafunzi wa kawaida wa fundi yule ningemwuliza neno moja, naye angenijibu kabla hajainua mwiko. Lakini kati yetu palikuwa na zizi zima la heshima, na swali lenyewe sikujua kama ni swali.

Kigae kilipokwenda kazini, baba mkwe alirudi mapema siku ileile, na nilikijua kikohozi cha hasira. Bomba lilikuwa limeingia kwa nguvu, likiwa limepinda kidogo tu, na kigae kikapasuka katikati ya tundu, nusu huku na nusu kule, mbele ya msimamizi. Nilikuwa ndani nikichambua ulezi. Baba mkwe aliketi uani, akiipa mgongo nyumba yangu, akaanza kumwambia mkewe kwa sauti ambayo ingesikika mtoni.

"Mwambie bomba si kizibo. Bomba ni chuma. Jua likiwaka linavimba, maji ya baridi yakipita linanywea. Liachiwe nafasi ya kupita unyoya wa kuku, pande zote."

Mama mkwe akageuka kunirudishia maneno, akaona hakuna haja. Nilibaki nimekaa na ungo mapajani. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha baba mkwe akasema jambo jingine, sasa kwa sauti ya kawaida, kwamba Mzungu amekasirika sana na ameulizia nani aliyekata kigae kile.

"Nimemwambia nimekata mimi," alisema. "Vimebaki vitano. Anatupa muda mpaka jengo liezekwe. Mwambie aendelee."

Nimeyageuza maneno yale mara nyingi katika maisha yangu. Aliibeba aibu yangu mbele ya Mzungu, na nilimshukuru kwa moyo wote. Vilevile, kwa kuibeba aibu, alikuwa ameibeba na kazi, na hilo sikuliona siku ile. Nililiona baadaye. Nilivikata vile vitano kwa wiki mbili, unyoya wa kuku ukiwa mkononi mwangu kila jioni, nikiuzungusha kati ya pete na tundu. Hakuna hata kimoja kilichopasuka. Na habari zikaenea. Kisimani niliwasikia wanawake wakisema kwamba mzee wetu amejifunza kwa Mhindi mmoja wa Musoma dawa ya kulainisha vigae, anavichemsha kama mihogo. Wanaume waliopita kunywa pombe kwake walimshikashika mikono na kuitazama. Alikohoa tu. Hakukubali, lakini hakukataa. Mimi nilikuwa nikichota pombe hiyohiyo niliyoipika, na vidole vyangu vilikuwa vimechubuka na kuwa vyeupe kwa unga wa jiwe, na mama mkwe akanitupia jicho la kuniomba nivumilie. Sikuvumilia vizuri. Nililala siku nyingi nikijiambia kwamba mtu hapaswi kutaka sifa kwa wakwe, na nikizitaka.

Likabaki tundu la sita, na kigae cha sita hakikuwepo. Msimamizi alikuwa tayari ameitaja barua ya Kisumu mara mbili. Baba mkwe hakuleta kitu chini ya ghala, kwa kuwa hakuwa na cha kuleta. Ndipo nikavitoa vile vipande viwili vya kigae changu kilichopasuka, ambavyo baba mkwe alikuwa amevirudisha nyumbani kama vile vya kwanza, nami nikavificha chini ya kitanda nisivione. Ufa ulikuwa umepita katikati ya tundu, kila upande ukibaki na nusu ya mduara. Nikalimwagia maji jiwe langu la kusagia ulezi, nikakilaza kipande cha kwanza ubavu na kuusugua ule ukingo wa ufa, mbele na nyuma, mpaka ukanyooka. Kisha cha pili. Kisha nikapanua zile nusu duara mbili kwa unga na mti, mpaka zilipokutana zikaizunguka pete na unyoya ukapita kote. Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja ulionyooka, mwembamba, mahali pa kujaza saruji nyeupe. Ilinichukua siku tatu, na tulikula ulezi wenye mchanga wiki nzima. Mama mkwe alivifunga vipande viwili katika kitambaa, akavipeleka. Jioni nilimsikia baba mkwe akimwambia kwamba vimekaa. Neno moja tu, vimekaa. Barua ya Kisumu haikuandikwa.

Zahanati ilifunguliwa siku ya jua kali. Ng'ombe alichinjwa, watu walitoka mpaka Sirari, na daktari wa Kizungu akaja kutoka Musoma kuikagua. Wanawake tulisimama nje upande wa madirisha, na mimi nilijiweka nyuma, mahali ambapo baba mkwe asingeniona wala mimi nisingemwona, lakini sauti zilifika. Daktari aliingia chumba cha kufungia vidonda na umati wa wanaume. Alifungua mabomba, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Halafu akainama kwenye kigae kile cha vipande viwili, akauliza kwa Kiswahili chake cha kusoma kwamba hiki kimekatwa na nani, kwa sababu amejenga hospitali nchi tatu na hajaona fundi akikiokoa kigae kilichokufa. Msimamizi akajibu haraka kwamba ni mzee huyu hapa. Daktari akamwomba mzee aonyeshe kifaa anachotumia.

Mama mkwe alinishika kifundo cha mkono akanibana mpaka nikaumia. Nilisikia kikohozi, na kwa mara ya kwanza sikukijua ni cha nini.

"Kifaa sina," alisema. "Mimi nilivunja vinane. Matundu haya yote sita amekata mke wa mwanangu, Bhoke, nyumbani kwake. Namna anavyokata sijui. Sijawahi kuona."

Wanaume wakaguna. Daktari akasema basi huyo mama aitwe aje aeleze. Hapo kila mtu wa kwetu aliyekuwapo alitambua ugumu uliokuwapo, isipokuwa Wazungu wawili. Mimi sikuweza kuingia chumba alimokuwa baba wa mume wangu na kusimama mbele yake. Wala haikuwahi kusikika kwamba mzee wa rika lake apishe mahali kwa ajili ya mwanamke kijana asiye na mtoto hata mmoja. Ni mimi niliyepaswa kumpisha yeye, siku zote, hata njiani nikiwa na mtungi kichwani. Watu walikuwa tayari wameanza kumweleza daktari kwamba haiwezekani. Ndipo nikaona mlango wa nyuma wa zahanati ukifunguliwa, na baba mkwe akatoka, kofia mkononi, mbele ya kijiji kizima. Alizunguka kona ya jengo bila kumtazama mtu, akaenda kusimama chini ya dirisha la chumba kile, juani, akiuegemeza mgongo ukutani.

Mama mkwe akanisukuma. Niliingia. Nilipita katikati ya wanaume na nguo yangu moja ya heshima, nikafika kwenye beseni, nikaweka kidole juu ya kigae. Daktari akaniambia niseme polepole ili aelewe. Nilisema polepole. Nilianza na unga wa jiwe jeupe, nikaja kwenye pampu, nikaja kwenye udongo laini wa kulazia na mkono wa kushoto unaoondolewa mwishoni. Na sauti niliipaza kuliko ilivyohitajika mle ndani, maana dirisha lilikuwa wazi, na aliyesimama chini yake alikuwa fundi, na alikuwa amesubiri muda mrefu kujua.